Vikwembe vya sanduku la mama, na rangi ya kutuunganisha



Mwisho wa mkutano wa juma lililopita, feza ya likelemba ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na wengine walikuwa wanafunga watoto mgongoni, ndipo likarudi lile neno la kila mwaka: kikwembe cha tarehe 8 Machi. Tuchague kipi? Bei gani? Nani atakusanya feza? Kelele zilikuwa nyingi kama kawaida. Kisha mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka jana, tarehe 8, hakuwa mgonjwa kama alivyotuambia. Alibaki nyumbani kwa sababu hakuwa na feza ya kikwembe, na aliona haya kutembea katikati yetu akiwa peke yake na nguo ya namna nyingine.

Tulinyamaza. Mwingine akakiri neno lile lile. Na wa tatu. Wawili kati yao ni wale waliokuja kwetu wakikimbia vita, na mzigo mmoja tu kichwani. Siku ya wanawake, basi, tulikuwa tunawaacha nyumbani wanawake waliohitaji kuliko wote kuhesabiwa pamoja nasi. Hatukukusudia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo kona yetu ya nguo juma hili haitafundisha namna ya kutia zipu kama tulivyoahidi. Zipu itangoja. Tutasema habari ya rangi na habari ya nguo za zamani. Tutapita kwanza kwa mafundi wawili wanaojulikana duniani, mmoja akiwa mtoto wa damu yetu ya Kongo, kwa kuwa katika kazi yao tumeona njia ya kutoka katika shida hii yetu.

Binti wa wazazi wa Kongo

Anifa Mvuemba alizaliwa Nairobi, Kenya, na wazazi Wakongomani, akakulia Marekani. Kushona alijifunza mwenyewe. Mwaka 2011 alianzisha nyumba yake ya mavazi, akaiita Hanifa. Nguo zake zinajulikana kwa mambo mawili: zinaheshimu mwili wa mwanamke, awe mwembamba au mnene, na rangi zake haziogopi kuonekana.

Mwezi wa 5 mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipokuwa umefunga milango ya dunia na hakuna aliyeweza kukusanya watu kutazama mavazi, yeye alionyesha mavazi yake mapya kwenye Instagram. Aliyaita Pink Label Congo. Hakukuwa na wasichana wa kutembea mbele ya watu. Kompyuta ilizifanya nguo zitembee zenyewe katika giza: kiuno kipo, nyonga zipo, hatua ipo, lakini mwenye kuvaa haonekani. Na kabla ya nguo, aliwaonyesha watazamaji filamu fupi juu ya migodi ya koltani hapa kwetu Kongo na watoto wanaofanya kazi humo. Fikirini jambo hilo kidogo. Watu walikuwa wanatazama kwenye simu zao, na ndani ya simu mna madini yanayotoka katika koltani.

Alipoulizwa mawazo yale yalitoka wapi, alieleza kwamba yalitoka katika hadithi ambazo mama yake alimsimulia: wanawake wa Kongo waliopoteza mengi, lakini mavazi yao hayakuonyesha taabu waliyokuwa nayo. Sisi hatuhitaji kusimuliwa. Tunawajua. Ni yule jirani aliyelala bila kula na asubuhi akatoka na kitambala kimefungwa vizuri kichwani. Wengine wanaita hiyo majivuno. Sisi tunaiita kukataa kushindwa.

Katika mavazi yale, gauni fupi moja lilibeba rangi za bendera yetu: bulu, nyekundu na manjano. Hapa ndipo tunapoanza somo letu la kwanza la rangi, kwa sababu hizo si rangi rahisi. Ni rangi tatu zenye nguvu, kila moja inataka kusema kwanza. Ukizishona ovyo, mtu ataonekana kama duka la plastiki.

Bendera ni mwalimu

Itazameni bendera yenyewe, ile tuliyo nayo tangu mwaka 2006. Bulu ya mbingu imejaza karibu kitambaa chote. Maana yake ni amani. Nyekundu imepita kama mkanda kutoka pembe hadi pembe. Ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi. Manjano ni mstari mwembamba tu kando ya nyekundu, pamoja na nyota. Ni utajiri wa nchi, na nyota ni tumaini la siku zijazo. Rangi tatu, lakini hazikugawiwa sawa. Moja ni mwenye nyumba, ya pili ni mgeni wa heshima, ya tatu ni chumvi.

Hiyo ni kanuni ambayo mafundi wengi wa nguo na wapambaji wa nyumba wanaifuata. Wanasema katika sehemu 100 za vazi, rangi kubwa ichukue 60, ya pili 30, na ya tatu 10. Si sheria ya polisi. Lakini ukiona vazi linakuchosha macho na hujui sababu, hesabu: mara nyingi utakuta rangi mbili au tatu zinagombania nafasi moja.

Ona pia namna manjano ilivyowekwa kati ya nyekundu na bulu. Nyekundu na bulu zikigusana moja kwa moja, macho hutetemeka kwenye mpaka. Mstari mwembamba wa rangi angavu ukipita katikati, kila moja inatulia mahali pake. Mama anayeshona anaweza kulifanya jambo hilo kwa utepe wa kidole kimoja tu.

Kuna njia mbili za kupatanisha rangi. Ya kwanza ni kuchukua rangi za ukoo mmoja, zinazofuatana kama ndugu: manjano, machungwa, nyekundu, au bulu, rangi ya majani, na zile zilizo kati yao. Hizo hutuliza. Ya pili ni kuchukua rangi zinazotazamana kama mashemeji: nyekundu na rangi ya majani, bulu na machungwa, manjano na zambarau. Hizo huamshana, kila moja humfanya mwenzake aonekane zaidi. Tunalijua hilo jikoni. Mafuta ya mawese juu ya sombe yanaonekana mekundu kuliko yakiwa katika chupa. Lakini hakuna anayemimina chupa nzima juu ya sombe. Rangi zinazotazamana zinapendeza moja ikiwa nyingi na nyingine kidogo.

Fundi aliyechanganya yasiyochanganyika

Fundi wa pili ni Duro Olowu. Alizaliwa Lagos, Nigeria, baba Mnigeria na mama Mjamaika, akasoma sheria kabla ya kurudi kwa nguo aliyoipenda tangu utoto. Mwaka 2004 alianza kazi kwa jina lake mwenyewe mjini London. Gauni moja ndilo lililomjulisha kwa ulimwengu: kiuno chake kiko juu, karibu chini ya matiti, linashuka wazi, mikono ni mipana, na limeunganishwa kwa vitambaa vya michoro tofauti kabisa. Mtu akilitazama anakumbuka miaka ya 1970. Mwaka 2005 alipewa Uingereza tuzo la fundi mpya wa mwaka, na baadaye Michelle Obama, alipokuwa mke wa Rais wa Marekani, alivaa nguo zake.

Siri yake ni nini? Maua makubwa, mistari na madoadoa katika vazi moja, na bado vazi halipigi kelele. Tumezitazama picha za nguo zake kwa muda mrefu, mashini zikiwa zimezimwa, na tumeona mambo matatu.

Kwanza, vitambaa vile havifanani kwa mchoro, lakini karibu kila mara kuna rangi moja iliyomo katika vyote. Labda ni nyekundu ya matofali: kubwa katika kimoja, nusu katika kingine, nukta tu katika cha tatu. Jicho linaishika rangi hiyo na kuifuata kama njia ya miguu katika pori.

Pili, michoro haina ukubwa mmoja. Mkubwa hukaa karibu na mdogo. Michoro miwili mikubwa ikikaa pamoja ni kama wanaume wawili wanaotaka kiti kimoja.

Tatu, kuna mpaka. Ukingo wa rangi moja, kwenye shingo, mkononi au chini, unaokusanya yote kama uzi wa shanga.

Na kuhusu ya zamani: Olowu hapendi tu kuiga nguo za miaka iliyopita. Alitumia pia vitambaa vyenyewe vya zamani, alivyovitafuta na kuvitunza, akaviweka pamoja na vipya. Lakini hashoni nguo ya kumvalisha mtu kama mchezaji wa tamthilia. Anachukua jambo moja la kale, labda mkono mpana au kiuno cha juu, na mengine anayaacha yawe ya leo. Mabinti wetu, tunawaomba mlishike hilo. Ukichukua mikono iliyofura kama ya libaya la bibi, basi shingo iwe nyepesi na sketi iwe nyoofu. Ukichukua vyote, hutaonekana umevaa nguo ya bibi. Utaonekana umemwigiza bibi.

Wamama wetu na nguo waliyoamriwa

Tusiseme ya kale ni dhahabu bila kuuliza ilichimbwa namna gani.

Kikwembe tunachokiita chetu kimetembea njia ndefu. Watu wa kisiwa cha Java walikuwa wanachora vitambaa kwa nta. Wazungu wa Uholanzi waliiga kazi hiyo kwa mashini katika karne ya 19. Kiwanda cha Vlisco katika mji wa Helmond kilianza mwaka 1846. Zile nyufa nyembamba za rangi unazoziona katika waksi nzuri zinatokana na nta kupasuka. Huko Java zilihesabiwa kama kosa. Afrika ikazipenda. Na wanawake wafanyabiashara wa Afrika Magharibi wakavipa vitambaa majina yaliyoviuza kuliko kiwanda chenyewe: kimoja kinasema bwana wangu anaweza, kingine, chenye ndege anayetoka kwenye tundu, kinamwambia mume kwamba ukitoka nami natoka.

Baadaye viwanda vilifika hapa kwetu pia, Kinshasa, Kalemie na Kisangani. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na kwa siasa ile ya kurudia asili, wanaume wakaacha tai na kuvaa abakosti, na wanawake wakakatazwa suruali na sketi fupi. Kikwembe kikawa nguo ya mwanamke wa kweli, kwa amri. Ni tangu tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, ndipo tai na mengine yalianza kurudi bila woga.

Kwa hiyo tunapoona picha ya mama akiwa kijana, mwaka 1974 au 1975, amesimama mbele ya pazia la mpiga picha na vikwembe viwili kiunoni na mikono ya libaya imefura, tunaona uzuri na tunaona amri pia. Lakini tazameni vizuri. Hakuna aliyemwamuru namna ya kukunja kitambala. Hakuna aliyemwamuru kuchagua libaya la rangi ya majani juu ya kikwembe chenye machungwa. Ndani ya sheria waliyopewa, wamama wetu walijipatia nafasi ya kuchagua rangi, na walichagua kama mafundi. Kuichukua nguo ya zamani na kuibadili si kuwadharau. Ndivyo walivyofanya wao wenyewe.

Sanduku ni benki

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa London na Marekani hawatatufundisha. Kwetu kikwembe ni akiba. Kinatolewa katika mahari, kinapewa mama aliyezaa, kinapelekwa matangani. Mama anaponunua waksi ya kweli na kuiweka katika sanduku la bati na naftalini, anaweka feza mahali ambapo hazipotei haraka. Mtoto akifukuzwa shule kwa karo, kikwembe kimoja kinatoka. Na mara ngapi tumeona mume akifa, na watu wa ukoo wakilikimbilia sanduku kabla ya maiti kufika kaburini?

Ndiyo maana tunaposema chukueni vikwembe vya zamani, hatusemi kateni. Piesi nzima ya yadi 6, yaani vikwembe 3, ambayo haijaguswa na makasi, bei yake ni nyingine kabisa na ile iliyokatwa. Binti asiingie katika sanduku la mama na makasi kwa sababu ameona gauni kwenye simu. Aulize kwanza. Na mama aliyekufa akiacha kikwembe kimoja kwa mabinti watatu, kisikatwe vipande vitatu kabla hawajakaa na kusikilizana. Tunajua nyumba ambamo dada wawili hawasalimiani hadi leo kwa sababu ya kikwembe kilichokatwa.

Pendekezo letu

Sasa tunarudi kwa mama wa kiti cha nyuma.

Katika mkutano ujao tutapendekeza kwamba tarehe 8 Machi mwaka huu tusinunue kikwembe kimoja kwa wote. Tuchague rangi badala ya kitambaa. Kila mmoja aje na kikwembe alicho nacho tayari, cha zamani au cha juzi, cha bei kubwa au ndogo, ilimradi ndani yake mna bulu au manjano, hata kama ni nukta. Tumejaribu: wamama 9 waliobaki baada ya mkutano walitandika mikebe yao mezani. Samahani, tulimaanisha vikwembe vyao. Mikebe ilikuwa ya chai. Katika vikwembe 9, 7 vilikuwa na bulu au manjano. Mwenye kikwembe kisicho na rangi hizo, mwenzake atamwazima. Tayari watatu wamejitolea.

Kisha shirika litanunua kitambaa cha rangi moja, nyekundu, na kila mmoja atapewa mkanda wa kushikiza chini ya kikwembe chake. Huo ndio ukingo wa Olowu, na ndiyo nyekundu ya bendera inayopita katikati ya bulu na manjano. Tukitembea pamoja barabarani, mtu atakayesimama kando ataona michoro mingi, na mstari mmoja mwekundu unaotembea.

Hesabu ni hii. Kitambaa chenye upana wa mita 1 na sentimita 15, ukikata mikanda ya upana wa sentimita 10 kwa urefu, kinatoa mikanda 11. Kikwembe kimoja kina urefu wa yadi 2, karibu mita 1 na sentimita 83, kwa hiyo mita 2 za kitambaa zinatosha wamama 11, na mapindo yake. Kwa wamama 44 ni mita 8. Linganisheni wenyewe na bei ya piesi mnayoijua sokoni. Mkanda utashikizwa kwa mkono, kwa uzi wa hatua ndefu, ili baada ya siku ile uweze kufumuliwa bila kuacha alama, na kikwembe kirudi sandukuni kikiwa kizima kama kilivyotoka.

Kabla ya kuja, fanyeni mambo haya manne. Tazameni kikwembe chenu nje, mchana, kwa sababu taa ya nyumbani hufanya bulu iwe nyeusi na manjano iwe nyeupe. Kigeuzeni: waksi ya kweli ina rangi karibu sawa pande zote mbili, na kile kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka, kwa hiyo chagueni upande mapema. Kifueni kidogo pembeni kwa maji baridi, muone kama rangi inatoka. Na ule mkanda mwekundu tutauloweka wote kabla ya kuugawa, kwa sababu nyekundu mpya ikitoa maji juu ya kikwembe cha marehemu mama wa mtu, hakuna samahani itakayotosha.

Kwa libaya na kitambala, tunashauri rangi moja isiyo na mchoro, mliyo nayo nyumbani. Kama kikwembe kina mchoro mkubwa, msiongeze mwingine mkubwa juu. Wacheni jicho lipumzike.

Maneno yaliyopinga

Hatutaficha kwamba si wote waliofurahi. Mama mmoja mzee alisema sare ni sare: watu wakituona na kitambaa kimoja wanajua ni shirika, wakituona na vitambaa arobaini watasema ni soko. Neno lake lina uzito. Sare imetupa heshima mahali ambapo hatukuwa nayo, na siku ya kumzika mwenzetu mwaka juzi, kile kikwembe kimoja kilitusaidia kusimama. Tunamjibu kwa heshima kwamba tutajaribu mara moja, na mkanda mwekundu ukishindwa kutufanya tuonekane watu wa nyumba moja, mwaka ujao tutarudi kwa njia ya zamani, lakini kwa mfuko wa kuwasaidia wasioweza kununua.

Mwenzetu mwingine anauza vikwembe sokoni, na kila mwaka mwezi wa 2 na wa 3 ndiyo miezi inayomlipia nyumba. Aliuliza kama tunataka kumfungia biashara. Hatuna jibu kamili kwake. Kitambaa chekundu tutanunua kwake, hilo tumekubaliana, lakini mita 8 si piesi 44 na hatutamdanganya. Tunaomba kila mmoja afike mkutanoni na wazo juu ya jambo hili. Tukimwinua mmoja kwa kumwangusha mwingine, hatujafanya kitu.

Na mabinti, ambao tulidhani watacheka, ndio waliopenda kwanza. Mmoja alikwenda nyumbani, akamwomba bibi yake amwonyeshe sanduku. Bibi alitoa kikwembe cha bulu chenye nyufa nyeupe, akasema alikivaa siku alipompeleka mtoto wake wa kwanza kubatizwa. Mtoto huyo ndiye mama ya msichana huyo. Miaka yote walikaa nyumba moja, na msichana hakuwahi kusikia habari hiyo, kwa sababu hakuna aliyefungua sanduku.

Anifa Mvuemba alishona hadithi za mama yake kuwa mavazi yaliyotazamwa na dunia nzima. Sisi hatuna kompyuta ya kutembeza nguo bila watu. Wala hatuitaki: nguo zetu zina watu. Tunachotaka ni kwamba tarehe 8 pasiwe na nguo inayomfanya mtu abaki nyumbani.

Mkutano ni siku ile ile, saa ile ile. Njooni na kikwembe kimoja mkononi, na kwa wale watakaoweza, na picha moja ya zamani ya mama au bibi. Tutazitandika mezani, tuone rangi walizochagua. Mama wa kiti cha nyuma, tumekuwekea nafasi mbele.

Juma lijalo, Mungu akipenda, zipu.